Mgomba uliosimama nao unaweza kubeba minyoo: wahami wasisingiziwe

Sanga (Kamina, Haut-Lomami). – Upepo wa mvua unapopita Sanga, asubuhi yake kuna mama anayetoka nje na kukuta mgomba wake umelala chini, mkungu bado mbichi. Mgomba haukukatika. Umeng'oka mzima, mizizi juu, kana kwamba hakuna kilichokuwa kimeushika ardhini. Ndizi zake ni nyembamba, hazijajaa. Sokoni haziuziki, na nyumbani zitapikwa kwa sababu tu hakuna kingine. Wapita njia wanasimama, wanatikisa kichwa, na kabla jua halijawa kali jibu limeshapatikana. Wengine wanasema ni mkono wa mtu. Wengine, na hao ndio wanaozidi kuwa wengi, wanasema ni wahami: walikuja na machipukizi yao, wakaleta ugonjwa.

Hilo la pili si neno la kuacha lipite. Familia ya wahami inalima shamba la kuazima. Mwenye shamba akisikia mara tatu sokoni kwamba wageni wameharibu ardhi, mara ya nne hasikilizi tena, anachukua shamba lake. Na familia iliyokwisha kukimbia mara moja inafunga tena magunia, safari hii bila risasi kusikika.

Basi swali moja rahisi liulizwe kwanza. Nani aliyekimbia vita akiwa amebeba chipukizi la mgomba? Chipukizi lenye kiazi chake na udongo wake lina uzito wa kilo kadhaa. Waliotoka Kasai mwaka 2016 na 2017, wakati wa vita vya Kamuina Nsapu vilivyofukuza watu zaidi ya milioni moja makwao, walibeba watoto. Waliokimbia vijiji vya kaskazini ya Katanga kwa kuogopa Bakata Katanga walibeba sufuria na blanketi, kama walipata nafasi. Mtu huyo anapofika Sanga na kutaka kupanda mgomba, anapata chipukizi kwa njia zile zile ambazo mwenyeji analipata: kwa jirani, kwa mwenye kusukuma kinga kutoka kijiji kingine, kwa muuzaji aliyeshusha mzigo kwenye gare ya Kamina, au kwenye kamyo la shirika linalogawa mbegu. Mara nyingi mhami ndiye wa mwisho kupokea, na aliye wa mwisho hupewa yaliyobaki.

Ugonjwa unaoangusha mgomba namna hii una mwenyewe anayejulikana, naye si mtu. Ni mnyoo mdogo ambaye jicho halimwoni, hafikii urefu wa milimita moja, anayeishi ndani ya mzizi. Wataalamu wanamwita Radopholus similis, na jamii yake yote inaitwa nematodi. Mtaalamu wa minyoo Nathan Cobb alimwandika mwaka 1893 baada ya kumkuta katika mizizi ya ndizi za visiwa vya Fiji, mbali sana na Haut-Lomami. Tangu wakati huo amekutwa karibu kila nchi ya joto inayolima ndizi, Afrika ya kati na ya mashariki zikiwemo. Hakuruka wala hakuogelea bahari. Alisafirishwa na watu, ndani ya machipukizi.

Inafaa kueleza anavyofanya kazi, maana ugomvi wote wa Sanga unakaa hapo.

Mgomba usio na kinga ni kama nyumba isiyo na mlango. Mnyoo anaingia karibu na ncha ya mzizi, kisha anatembea katikati ya chembe za ile nyama nyeupe inayozunguka moyo wa mzizi. Ana sindano mdomoni. Anatoboa chembe, anafyonza kilichomo, chembe inakufa, anasonga kwenye inayofuata. Nyuma yake anaacha njia tupu, na njia hizo zikikutana zinakuwa mashimo. Nyama ya mzizi inageuka rangi, kwanza nyekundu ya kutu, baadaye nyeusi. Jike anataga humo humo anamotembea, mayai manne au matano kwa siku, kwa muda wa wiki mbili hivi. Kwa joto la kawaida, kutoka yai hadi mnyoo mzima anayetaga ni wiki tatu au zaidi kidogo. Watoto wakianguliwa hawana haja ya kutoka nje kutafuta chakula. Wanaendelea pale mama yao alipofikia. Mzizi ukioza, wanahamia mwingine. Na hawaishii mizizini. Wanapanda hadi kwenye kiazi cha mgomba, ile sehemu nene iliyo chini ya ardhi ambayo machipukizi yote hutokea.

Hapo ndipo pa kushika. Chipukizi linazaliwa na kiazi. Kiazi kikiwa na minyoo, chipukizi linaweza kuwa na minyoo kabla halijatenganishwa na mama yake. Majani yake ni ya kijani, limesimama vizuri, linapendeza machoni. Anayeling'oa na kumpa mwenzake kwa moyo mzuri amempa pia minyoo. Aliyetoa hajui, aliyepokea hajui. Mwaka wa kwanza mkungu unatoka, si mbaya sana. Wa pili unakuwa mdogo. Wa tatu, mgomba unabeba mkungu mzito juu ya mizizi mifupi iliyooza, mvua inalainisha udongo, upepo unakuja, na hesabu inamalizika usiku mmoja. Kwa hiyo anayeona mgomba ukianguka mwaka huu na kumtafuta aliyefika mwaka huu anamtafuta mtu katika mwaka usiokuwa wake.

Sasa yanakuja maneno ya upande wa pili, maneno ya wale wanaojiona wana dawa. Wanasema: hakuna haja ya kubishana, kuna migomba inayopinga ugonjwa, itagawanywa hiyo, mambo yatakwisha. Wanayasema kwa sauti ya mtu anayefunga mkutano. Na wakaaji, ambao wamechoka, wanapiga makofi.

Migomba hiyo ipo kweli, na Wakongo wana haki ya kujivunia mmoja wao. Unaitwa Yangambi Km5. Jina limetoka Yangambi, kwenye ukingo wa mto Congo, magharibi ya Kisangani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza wakati wa ukoloni, mwaka 1933, kwa jina la INEAC na ambacho leo ni cha INERA. Ni ndizi ndogo ya kuliwa mbivu. Mgomba wake hutoa machipukizi mengi kuliko mingine. Watafiti walioupima waliukuta unawapinga Radopholus similis na pia ndugu yake anayependa nchi za baridi za milima, Pratylenchus goodeyi.

Lakini kupinga maana yake nini? Hapa ndipo wagawaji wanaporuka ukurasa. Mgomba kinzani hauzuii minyoo kwenye mlango. Wanaingia pia. Tofauti iko ndani. Mzizi wake una chembe nyingi zilizojaa vitu vikali vinavyomchukiza au kumdhuru mnyoo, na kuta za chembe zinaweza kukazwa ziwe ngumu kama mti. Mnyoo anasonga polepole, anakula kidogo, jike anataga mayai machache, kidonda kinabaki kidogo. Kwa hiyo mzizi wa mgomba huo unabaki na minyoo wachache, wala si mzizi mtupu. Chipukizi la mgomba kinzani lililong'olewa kwenye shamba lenye ugonjwa linaweza kuwabeba wachache hao, pamoja na udongo wenye wengine, hadi kwenye shamba la mama ambaye jirani yake amepanda makemba yasiyo na kinga yoyote. Wachache hao wakifika kwa jirani hawabaki wachache.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko hiyo, nayo ni mgomba usiopinga bali unaovumilia. Huo una mizizi mingi na nguvu nyingi. Minyoo wanazaliana ndani yake kwa wingi, nao unasimama tu, unazaa tu. Machoni unafanana kabisa na unaopinga. Mtu anayechagua mgomba wa kuchukulia mbegu kwa kutazama uliosimama anaweza kuchagua ghala la minyoo. Ndiyo sababu neno «uliosimama» halitoshi kuwa cheti.

Wanaolima nyanya mabondeni wangeelewa haraka, kwa sababu wanawajua ndugu wengine wa minyoo hawa, wale wanaofanya mizizi iwe na mafundo kama shanga. Katika nyanya ya kawaida, mnyoo mchanga anaingia kwenye ncha ya mzizi, anapita hadi karibu na moyo wake, anakaa hapo, na kuufanya mzizi umjengee chembe kubwa za kumlisha. Hatembei tena. Jike ananenepa kama mfuko na kutaga mayai mamia. Katika nyanya kinzani, ile iliyopata kinga yake kutoka nyanya mwitu ya Peru katika miaka ya 1940, mnyoo anaingia vile vile. Ila akianza tu kutengeneza meza yake, chembe zinazomzunguka zinajiua, anabaki na njaa na kufa. Ni kazi nzuri ya kustaajabisha. Lakini hata kinga hiyo ina mpaka: udongo ukipanda joto kupita nyuzi 28 hivi, inalegea, na mafundo yanaweza kurudi. Mfuko wa mbegu unaandikwa «kinzani» tu. Joto la udongo haliandikwi.

Mbali kabisa na hapa, Wajapani wamepambana na jambo hili kwenye misonobari kwa zaidi ya miaka mia moja. Misonobari ilianza kufa kwa wingi Nagasaki, habari za kwanza zikiwa za mwaka 1905. Walilaumiwa wadudu wanaotoboa miti. Mwaka 1971 ndipo ilipothibitishwa kwamba muuaji ni nematodi mwingine, aliyetoka Amerika ya Kaskazini, anayebebwa na mbawakawa kutoka mti hadi mti. Katika msonobari usio na kinga anapita kwenye mifereji ya utomvu na kuenea shina zima, na mti unaweza kunyauka msimu huo huo. Katika msonobari kinzani anacheleweshwa karibu na pale alipoingilia. Mwaka 1978 Japani ilianza mpango wa taifa wa kutafuta miti iliyobaki hai katikati ya iliyokufa na kuizalisha. Lakini hawakuchukua kila mti uliosimama na kuuita kinzani. Waliichukua, wakaitia minyoo kwa makusudi, wakangoja, wakaona ipi inaishi. Miti mingi iliyosimama msituni ilikuwa imesimama kwa bahati tu.

Jaribio la namna hiyo ndilo linalokosekana pale kamyo linaposhusha mzigo kijijini. Kamyo linafika. Machipukizi yamerundikwa, mizizi na udongo wake juu. Majina yanasomwa. Kila familia inapokea machipukizi yake, picha inapigwa, mtu anasema maneno mawili matatu kuhusu kujitegemea, kamyo linaondoka na vumbi. Ripoti itaandika idadi ya machipukizi yaliyogawanywa na idadi ya familia zilizohudumiwa. Haitaandika mikungu iliyovunwa miaka mitatu baadaye, kwa sababu miaka mitatu baadaye mradi umekwisha na aliyeuandika yuko jimbo lingine. Hiyo si hadithi ya shirika moja wala ya Sanga peke yake. Ni namna mipango ya mbegu ya haraka inavyopangwa mahali pengi ambapo watu wamekimbia: haraka inahesabiwa, afya ya mbegu haihesabiwi.

Kuna wanaotetea mpango huo, na hoja yao si ya kudharauliwa. Wanasema njaa haingoji maabara. Ni kweli. Mama mwenye watoto watano hawezi kuambiwa asubiri darubini kutoka Lubumbashi. Lakini mgomba si mahindi. Mgomba hauondoi njaa ya mwezi huu. Mkungu wa kwanza unachukua mwaka au zaidi. Anayetaka kuzima njaa ya haraka alete unga, alete maharagwe, alete mbegu za lengalenga zinazoliwa baada ya wiki chache. Aliyechagua kuleta migomba amechagua kazi ya miaka, na kazi ya miaka inaweza kusubiri siku mbili za kumenya machipukizi.

Maana dawa ya kwanza haihitaji darubini. Inahitaji kisu, kuni na sufuria kubwa. Chipukizi linamenywa: mizizi yote inakatwa, ngozi ya nje ya kiazi inaondolewa hadi nyama ibaki nyeupe bila alama nyekundu wala nyeusi. Likiwa na mashimo ya fukusi au likiwa limeoza hadi ndani, linatupwa mbali na shamba. Kisha linazamishwa kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu, linatolewa, linapoa, linapandwa kwenye udongo mwingine safi. Njia hii ya sekunde 30 imeenezwa na watafiti wa taasisi ya IITA, yenye makao Ibadan nchini Nigeria, kwa sababu njia ya zamani ilidai maji ya nyuzi 53 hadi 55 kwa dakika 20, na mkulima hana kipimo cha joto. Sekunde 30 anaweza kuzihesabu hata mtoto, kwa sauti.

Wakulima wengi wakisikia hivyo wanacheka. Chipukizi lililochemshwa si limepikwa? Halijapikwa. Kiazi ni kinene, na joto la sekunde 30 linafika kwenye tabaka la nje ambako minyoo wengi wanakaa baada ya mizizi kukatwa, bila kuua moyo wa chipukizi. Likiachwa dakika tano, hapo ndiyo, limepikwa, na mwenye kulaumiwa ni aliyekuwa akipiga soga karibu na moto.

Maji moto nayo yana mpaka wake. Hayaui kila kitu, na anayeyauza kama dawa ya yote atakuwa amefanya kosa lile lile la wauza migomba kinzani. Ugonjwa wa virusi unaofanya majani ya mgomba yasongamane juu kama shada, na ambao uliripotiwa Congo katika miaka ya 1950 huko huko Yangambi, hautoki kwa kuchemsha. Virusi viko katika mwili wote wa mmea, na chawa wa mimea wanavieneza. Mnyauko wa bakteria, ulioonekana Masisi huko Kivu ya Kaskazini mwaka 2001 na kuharibu mashamba mengi ya mashariki, hautoki kwa kuchemsha chipukizi pia; huo unazuiwa kwa kutochukua mbegu kwenye shamba lenye ugonjwa na kwa kusafisha panga kwa moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kituo kimoja, Yangambi, kilitoa mgomba unaopinga minyoo na pia kikaona virusi vikiingia. Ukinzani siku zote ni wa jambo fulani, na anayelitaja neno hilo bila kulitaja jambo lenyewe hajasema kitu.

Wakubwa wa dunia ya ndizi walijifunza hilo kwa gharama. Hadi katikati ya karne iliyopita, mashamba makubwa ya Amerika ya Kati yalilima Gros Michel. Ugonjwa wa Panama, kuvu anayeingilia mizizi, uliyamaliza. Makampuni yakahamia Cavendish, kwa sababu Cavendish ilipinga kuvu huyo wa wakati ule. Ila Cavendish ilikuwa dhaifu zaidi kuliko Gros Michel mbele ya Radopholus similis. Migomba ikaanza kuanguka, na jibu likawa kumwaga sumu za kuua minyoo mwaka baada ya mwaka, kati yake carbofuran, ambayo Umoja wa Ulaya uliikataa baadaye kwa ukali wake. Makampuni hayo yalikuwa na pesa ya sumu. Mama wa Sanga hana, na heri hana, maana anachota maji kwenye kijito kinachopita chini ya shamba.

Kwa hiyo mtu anaposhuka kwenye kamyo na kusema «hii inapinga ugonjwa», maswali yake yasiwe ya aibu kuulizwa. Inapinga ugonjwa gani? Machipukizi yametoka shamba la nani, na mizizi ya shamba hilo ilipasuliwa lini? Nani atalipia kuni za kuchemshia? Swali la mwisho linaonekana dogo kwa anayekaa mjini. Si dogo hapa ambako gunia la makala lina bei na kuni zinafuatwa mbali. Kuwaambia wahami «mkachemshe wenyewe nyumbani» ni kuwatupia kazi ya mgawaji. Chipukizi lifike limemenywa na kuchemshwa, au moto uwashwe pale pale panapogawanywa, na gharama iandikwe kwenye bajeti pamoja na mafuta ya kamyo. Mwenye pesa ya mpiga picha hakosi pesa ya kuni.

Serikali ya jimbo nayo ina sehemu yake. Huduma ya kilimo ya teritware ndiyo inayopaswa kujua mbegu gani inaingia na kutoka wapi. Mgawaji anapofika na machipukizi yenye udongo, agronomu wa serikali asiwe mgeni wa heshima anayekaa kwenye kiti cha plastiki. Awe mwenye kisu. Kumi katika mzigo yapasuliwe mizizi mbele ya watu, na mzigo ukionyesha nyama nyekundu na nyeusi, urudi ulikotoka au umenywe wote hapo hapo. Hilo halihitaji sheria mpya kutoka Kinshasa.

Machifu na wenye mashamba wana sehemu ngumu zaidi, na ndiyo inayoepukwa katika kila mkutano. Shamba lililokwisha kuingiwa na minyoo linahitaji kupumzishwa na migomba. Minyoo hawa wanahitaji mizizi ya kula. Migomba yote ya zamani iking'olewa pamoja na viazi vyake, na shamba likiachwa karibu mwaka mzima bila kitu wanachokula, wanapungua sana. Ushauri huo ni mzuri na unaandikwa katika kila kijitabu. Lakini nani anayeweza kuufuata? Aliyeazimwa shamba kwa msimu mmoja, naye analipa kwa sehemu ya mavuno au kwa siku za kibarua, hawezi kuliacha lipumzike. Akiliacha, linapewa mwingine. Analazimika kupanda mgomba juu ya mgomba, mahali pale pale, katika udongo ule ule, halafu mgomba ukianguka anaitwa mharibifu wa ardhi.

Na ardhi gani wanayopewa wahami? Kila mtu anajua, ingawa si kila mtu anasema. Mwenye shamba hampi mgeni kipande chake kizuri. Anampa kile kilichochoka, ambacho mwaka juzi migomba yake mwenyewe ilianguka. Mhami anaingia juu ya minyoo wa mwenyeji, anapanda, anaangusha, na lawama inageuzwa njia. Si wenyeji wote wanaofanya hivyo, na wako waliogawana chakula chao na wageni miaka hii yote bila kuombwa. Hao nao wanaharibiwa jina na maneno ya sokoni.

Kesi ya namna hii ikifika mbele ya chifu, isianze kwa kuuliza nani ametoka wapi. Ianze na jembe. Mgomba ulioanguka utazamwe. Ukiwa umevunjika kwenye kiazi, na kiazi kina vichuguu vilivyotobolewa, huyo ni fukusi, habari nyingine. Ukiwa umeng'oka na mizizi, mizizi ichukuliwe kumi, ioshwe, ipasuliwe kwa urefu kwa wembe. Mzizi mzima ni mweupe ndani, kutoka gamba hadi moyo. Wenye minyoo una mabaka ya kutu na nyeusi pembeni, moyo ukibaki mweupe. Kisha, na hili ndilo litakaloudhi wengi, ichukuliwe mizizi kumi ya mgomba uliosimama, katika shamba la mshitaki mwenyewe, ambaye hajawahi kupokea chipukizi la mhami. Nayo ipasuliwe mbele ya watu wale wale.

Ikiwa mizizi ya mshitaki ina mabaka yale yale, mashitaka dhidi ya mgeni yafutwe siku hiyo hiyo na shamba lisichukuliwe, na wote wawili, mwenyeji na mhami, waanze kumenya machipukizi pamoja. Ikiwa mizizi yake ni meupe, basi ifuatwe njia ya chipukizi lililoanguka, kutoka mkono hadi mkono: lilinunuliwa kwa nani, lilishushwa na kamyo gani, liling'olewa shamba lipi. Njia hiyo huenda ikamfikisha mtu anayeheshimiwa. Ifuatwe hivyo hivyo.

Mvua za kwanza zinaanza karibu na mwezi wa kumi, na machipukizi yanaanza kutembea kabla ya hapo. Sufuria, kisu na wembe viko katika kila kijiji. Mzigo wa kwanza utakaoshushwa Sanga msimu huu ufunguliwe palipo na watu, wahami wakiwa mbele, mmoja wao akiwa ameshika wembe.